Mtoto wa Mbuga Kwenye Udongo wa Siena

Mwenye nyumba wangu kule Siena, Italia, alikuwa na baiskeli sita na gari moja, na lililolala nje kwenye mvua ni gari. Nilihamia chumba cha juu kwake mwaka 2018, na wiki ya kwanza tu akaniuliza kama najua kuendesha baiskeli. Nilicheka. Mimi mtoto wa Shinyanga! Kwetu baiskeli ni punda. Nimefunga madumu manne ya maji kwenye kariya nikiwa bado shule ya msingi, nimepeleka marobota ya pamba kwa mnunuzi, na bibi yangu alipoumwa nilimpakia nikampeleka zahanati akiwa amenishika kiuno na kunilaumu kila tulipopita kwenye shimo.

"Najua, Mzee," nikamwambia.

Nilichosahau kumwambia ni kwamba kwetu ni tambarare. Unaweza kunyonga pedali kutoka asubuhi mpaka jua la utosi, na mlima pekee utakaoupanda ukawa tuta la reli.

Mzee alikuwa akijiandaa kwa L'Eroica, safari ya waendesha baiskeli inayofanyika kila Oktoba kuanzia Gaiole, mji mdogo wa milima ya Chianti. Ilianza mwaka 1997. Waanzilishi walikuwa na hofu kwamba barabara nyeupe za changarawe, zile Waitaliano wanaziita strade bianche, zingemwagiwa lami zote zikapotea. Masharti yake ni ya kizee kweli kweli: baiskeli iwe ya mwaka 1987 au kabla ya hapo, vishikizo vya gia viwe kwenye fremu, waya za breki zipite juu ya usukani, na pedali ziwe na mikanda ya kufunga miguu. Mzee aliniazima Bianchi ya chuma ya miaka ya sabini, yenye ile rangi yao isiyoamua kama ni kijani au bluu. Gia nyepesi kuliko zote ilikuwa meno 42 mbele na 24 nyuma.

"Inatosha," alisema. Nikamwamini, maana Phoenix ya baba ilikuwa na gia moja tu na ilitutosha ukoo mzima.

Tulitoka Jumapili moja mwishoni mwa Septemba. Mpango ulikuwa kushika barabara ya Lauretana mpaka mji wa Asciano, halafu kurudi kwa barabara nyeupe ya Monte Sante Marie na kupitia Monteaperti. Mzee alikuwa amejifunga shingoni kitambaa cha mtaa wake, Chiocciola, yaani Konokono. Nilimtania kwamba mtu wa Konokono hawezi kunishinda mwendo. Hakujibu.

Ukishapita Taverne d'Arbia, barabara inapanda mgongo wa kilima na miti inakwisha. Hapo ndipo zinapoanza Crete Senesi, vilima vya udongo wa mfinyanzi vinavyofuatana mpaka macho yachoke, vya rangi ya kijivu wakati ule kwa sababu mashamba ya ngano yalikuwa yameshalimwa. Huku nyumba moja ya mkulima na safu ya misaipresi, kule nyingine, na katikati hakuna kitu. Mzee alinieleza kwamba udongo huo ulikuwa sakafu ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, na kwamba plau bado huibua magamba ya kombe. Kuna vichuguu vya udongo vinavyoitwa biancane, vyeupe kwa chumvi inayotoka ndani mpaka leo. Nilimsikiliza kwa nusu sikio. Pumzi zilikuwa zimeanza kuwa adimu.

Lakini mpaka Asciano nilijitahidi. Tulikunywa kahawa tumesimama, kama wafanyavyo wao, na nikajiona dereva.

Kisha tukaingia Monte Sante Marie. Ni kilomita 11.5 za changarawe nyeupe, na pana jiwe lenye jina la Fabian Cancellara, Mswisi aliyeshinda mbio za baiskeli za Strade Bianche mara tatu, 2008, 2012 na 2016. Mzee aligusa kofia yake alipolipita. Barabara hiyo haipandi mara moja ikaisha. Inashuka kwa fujo mpaka bondeni, halafu inasimama mbele yako kama ukuta, unafika juu, unaona nyingine. Ukisimama juu ya pedali, tairi la nyuma linateleza. Ukikaa, mguu haushuki. Mzee, miaka yake sabini na ushee, alikaa kwenye kiti akanyonga polepole bila kuyumba, akapotea kwenye kona. Konokono.

Mimi nilishuka nikasukuma. Kwetu kushuka na kusukuma si aibu. Baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa nani ataipandisha kwa pedali? Ila pale sikuwa na hata gunia.

Nilipofika kileleni, mvua nyepesi ilikuwa imeanza. Niliiona barabara nyeupe ikizunguka mbali upande wa kushoto, na chini yangu njia ya trekta ikikata moja kwa moja kupita shambani, ikakutane nayo ng'ambo. Nikapiga hesabu: nikipita hapa nitamkuta Mzee, pengine nimtangulie, nimsubiri nimekaa juu ya jiwe nikipiga mluzi.

Kwa Wasukuma udongo una majina yake. Kuna luseni, mchanga, huo hauna neno. Na kuna mbuga, mweusi, mzito. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba mbuga ikinyeshewa haipitiki, si kwa baiskeli, si kwa mkokoteni. Ng'ombe wenyewe wanaiogopa. Mimi nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini akili yangu ilikuwa imeshika kwamba mbuga ni nyeusi, na huu wa mbele yangu ulikuwa wa kijivu.

Mita hamsini za kwanza zilikwenda vizuri. Mita sitini, magurudumu yakanenepa. Udongo ulijaza nafasi yote kati ya tairi na breki mpaka gurudumu la mbele likagoma kuzunguka kabisa. Nikashuka, nikazama mpaka kwenye vifundo. Nikaitia baiskeli begani, na sasa ilikuwa na uzito wa baiskeli tatu. Hatua ya nne, kiatu cha kulia kikabaki nyuma. Nilirudi kukichokoa kwa mikono, nimepiga magoti kwenye sakafu ya bahari ya zamani, mvua inanipiga mgongoni, na nikaanza kucheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mbwa ndio walionisikia kwanza. Wawili, weupe, wakubwa kama ndama. Nyuma yao akaja mchungaji wa kondoo na mwavuli, akawakemea kwa lugha ambayo haikuwa Kiitaliano. Wachungaji wengi wa Crete Senesi asili yao ni kisiwa cha Sardinia. Walikuja kuchukua mashamba wakulima wenyeji walipokimbilia viwandani na mijini, na jibini ya kondoo ya huko inatoka mikononi mwao. Huyu alikuja akiwa mtoto wa miaka sita. Aliniambia majirani bado wanamwita "yule Msardinia".

Hakuniuliza natoka wapi. Aliuliza swali moja tu: "Barabara haikukupendeza?"

Akanionyesha ukingo wenye majani, pale ambapo ardhi inashika mguu bila kuumeza. Akachonga kijiti kwa kisu, akanipa nikwangue matope kwenye breki. Kijiti! Baba yangu alikuwa na kijiti hichohicho, amekifunga kwenye fremu kila masika, na mimi nilikiona ni ushamba.

Mzee nilimkuta Monteaperti, chini ya kilima chenye misaipresi, amekula nusu ya mkate wake. Ni mahali ambapo tarehe 4 Septemba 1260 watu wa Siena waliwachapa watu wa Firenze vibaya sana, na Mzee huyasimulia mapigano hayo kama mtu aliyekuwapo na bado ana kidonda. Aliikagua Bianchi kwanza: cheni, spoki, magurudumu, akayazungusha yote mawili na kusikiliza. Ndipo akanitazama mimi, kuanzia kiatu kimoja kilichofungwa kwa kamba mpaka nywele.

"Kijana," akasema, "Wafirenze walikufa elfu kadhaa hapa, na bado waliondoka wasafi kuliko wewe."

Akanikatia ile nusu ya mkate.