Weupe wa dawa ya meno
Juzi nilisoma kwa mara ya kwanza maandishi madogo yaliyo nyuma ya tyubu ya dawa yetu ya meno, nikakutana na dioksidi ya titani, ambayo kwenye vyakula huandikwa E171. Kazi yake humo ni kuipa dawa weupe tu; haisafishi jino hata kidogo, jambo lililoniudhi kuliko nilivyotarajia. Katika losheni ya kujikinga na jua ina kazi ya maana, kwa kuwa huzuia miale ya urujuanimno isiifikie ngozi. Mwaka 2021 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitamka kuwa haiwezi tena kuihesabu kuwa salama katika chakula, si kwa sababu madhara yalikuwa yamethibitishwa, bali kwa sababu uwezekano wa chembe zake kuharibu vinasaba haukuweza kuondolewa. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chakula mwaka 2022, ilhali Marekani inairuhusu mradi isizidi asilimia 1 ya uzito wa chakula. Losheni nimebaki nayo. Dawa ya meno, ambayo mwanangu huimeza zaidi ya kuipigia mswaki, nimeibadilisha.