Jinsi nilivyomtafutia makao farasi aliyeachishwa mbio

Kazi yangu hapa Lexington, katika jimbo la Kentucky, ni kuhudumia farasi wa mbio: kuwalisha, kuwaogesha, kuwafunga bandeji na kuwatembeza baada ya mazoezi. Wazungumzaji wa Kiswahili, wengi wetu kutoka Kongo, si wachache mjini hapa, na kila anayeanza kazi ya mazizini huniuliza farasi hupelekwa wapi akishaacha kukimbia. Huwa namsimulia habari za farasi mmoja wa kahawia, wa miaka saba, aliyehasiwa.

Farasi huyo aliumia kano ya mguu wa mbele, ile inayopita nyuma ya mfupa chini ya goti, ikavimba na kubenuka kama upinde. Daktari wa mifugo alimpima kwa ultrasaundi akasema kwamba baada ya miezi ya mapumziko angeweza kupandwa kwa mwendo wa taratibu, ila mbio zilikuwa zimekwisha. Mmiliki wake si mtu mbaya, lakini farasi asiyeleta zawadi za ushindi bado anakula, na mnada ndiyo njia ya haraka ya kumwondoa zizini. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa mnadani huweza kuwa dalali wa nyama. Machinjio ya mwisho ya farasi nchini Marekani yalifungwa mwaka 2007, na tangu hapo wanaonunuliwa kwa nyama wamekuwa wakivushwa mpaka kwenda Mexico na Kanada. Nilimkumbusha mmiliki habari za Ferdinand, mshindi wa Kentucky Derby, mbio maarufu za farasi za hapa jimboni, ya mwaka 1986, ambaye iliripotiwa kwamba alichinjwa Japani mwaka 2002. Akaniruhusu nitafute shirika la kuwaokoa farasi walioacha mbio.

Nilichagua shirika lenye ithibati ya Thoroughbred Aftercare Alliance, chombo kilichoanzishwa mwaka 2012 ili kukagua mashirika ya aina hiyo. Mtumishi wa zizi hana mamlaka ya kumtoa farasi, kwa hiyo mmiliki ndiye aliyetia saini. Mimi nilikusanya nyaraka: cheti cha usajili, namba ya chipu iliyo shingoni, picha za ultrasaundi, na majibu ya kipimo cha Coggins kinachoonyesha kama farasi ana virusi vya upungufu wa damu. Kisha nikaandika tabia zake zote, hata zisizopendeza. Hasimami tuli apandwe, kwa kuwa wanajoki hunyanyuliwa na kupanda huku farasi akitembea. Ukimvuta hatamu huegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuongeza kasi. Akiwa peke yake ndani ya trela hulowa jasho. Mwenzangu alinicheka akisema natangaza kasoro za mali ninayotaka ichukuliwe. Kwa maoni yangu, ukurasa huo ulifaa kuliko cheti, maana farasi anayefichiwa kasoro ndiye anayerudishwa.

Shirika lilikuwa limejaa, ikabidi tusubiri. Wakati huo nilimpunguzia nafaka kidogo kidogo na kumwongezea nyasi kavu, ambazo farasi wa kilo 500 huhitaji kama kilo 8 hadi 10 kwa siku. Ukibadilisha chakula ghafla unaweza kumletea msokoto wa tumbo, na huo huua. Siku ya kwanza malishoni nilimshika kamba, kwa sababu majani ya masika ya huku yana sukari nyingi. Alisimama juu ya majani yanayofika kwenye vifundo, kichwa juu, akilitazama zizi kana kwamba chakula hutoka horini tu.

Shirika lilipompokea lilimpumzisha, likamfundisha upya, kisha likampa mwalimu mstaafu wa Ohio aliyetaka farasi wa matembezi. Hakukabidhiwa hivi hivi: alidaiwa barua za daktari wa mifugo na fundi wa kwato, picha za banda na za uzio usio na seng'enge, na uthibitisho kwamba farasi angekuwa na mwenzake. Mkataba unakataza kumrudisha mbioni au kumuuza bila idhini, na akishindwa kumtunza atamrejesha kwa shirika.

Sasa mmiliki yule yule ana farasi jike ambaye kasi yake inapungua. Anaendelea kukimbia, lakini jina lake tumekwisha kuliandikisha, maana foleni ya kusubiri ni ndefu na zizi hulipiwa kila siku.