Nyumbani Halali, Barabarani Kesi: Seti Yangu ya Kwanza ya Kufungulia Makufuli

Kwetu Mombasa mlango haukufungii nje wenyewe. Unatoka, unaurudisha, na usipozungusha ufunguo haujafungika. Huku Leicester, England, nyumba niliyopanga ina kitasa cha kujifunga: ukiuachia mlango ukasikia "tak", uko nje na ufunguo uko mezani. Yalinikuta Januari ya mwaka wangu wa kwanza, nimetoka na kandambili kutupa taka. Fundi niliyempigia simu akaja na drili, akatoboa silinda, ile sehemu ufunguo unapoingia, akanidai pauni 240. Baadaye fundi mwingine, mzee jirani yetu, akaniambia kitasa kile kingefunguka bila kutobolewa. Hasira ile ndiyo iliyonisukuma kutaka kujua kilichomo ndani ya kufuli.

Tangu hapo kila ninayemwonyesha vijiti vyangu vya kufungulia makufuli bila ufunguo huuliza kwanza: hii si itakufunga jela?

Kwa England na Wales hakuna sheria inayokukataza kununua vifaa hivi wala kuviweka nyumbani. Hata anayefanya kazi ya ufundi wa vitasa hapa hahitaji leseni ya serikali. Cha kukijua ni kifungu cha 25 cha Theft Act, sheria ya wizi ya 1968: ni kosa kuwa na kifaa cha kutumia katika wizi au kuvunja nyumba ukiwa nje ya makazi yako, na kifungo chake kinafika miaka 3. Uzito wote uko kwenye hayo maneno, nje ya makazi yako. Tena kifaa kikionekana kimetengenezwa kwa ajili ya wizi, kule kukutwa nacho tu ni ushahidi kwamba ulitaka kukitumia hivyo. Utasema vyako ni vya mazoezi, na pengine hakimu atakuelewa, lakini mpaka umfikie hakimu umeshalala kituoni.

Na sisi weusi hatusimamishwi barabarani sawa na wengine. Takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba watu weusi, kwa kulinganisha na idadi yao, wanapekuliwa zaidi kuliko wazungu, na sheria ya polisi ya 1984 inawaruhusu kukupekua wakiwa na sababu ya kushuku una vifaa vya aina hii. Ukiwa bado unaishi kwa viza, au unasubiri uraia, hata onyo rasmi la polisi utaulizwa kwenye fomu. Mwenzako mzungu akikutwa na seti kwenye buti la gari, atatoa maelezo na huenda akaenda zake. Mimi sina moyo wa kujaribu. Seti yangu haikai garini, haiingii mkoba wa kazini. Nikienda kwa rafiki tunayefanya naye mazoezi, naifunga pamoja na makufuli yenyewe na risiti, naenda moja kwa moja, narudi moja kwa moja.

Usichukulie kwamba kila nchi ni hivyo. Scotland ina sheria yake. Japani, tangu 2003, vifaa hivi ni marufuku hata kuwa navyo bila sababu ya kikazi au nyingine halali. Binamu yangu aliniomba nimletee seti nikija Desemba, nikamkatalia: kifungu cha 308 cha Penal Code, sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, nacho kinafanya kosa kuwa na kifaa cha wizi au cha kuvunjia nyumba ukiwa nje ya makazi yako. Siwezi kumwachia mzigo huo.

Wapenzi wa mchezo huu wana miiko miwili, na ninaishika yote. Kufuli lisilo lako usiliguse bila ruhusa ya mwenyewe. Na kufuli linalotumika usilifanyie mazoezi, hata likiwa lako, kwa sababu pini (vichuma vidogo vinavyozuia silinda isizunguke bila ufunguo) au springi ikiharibika umejifungia nje. Sisi wapangaji mwiko unatushika mara mbili: kitasa cha mlango ni cha mwenye nyumba. Ukiwa na ruhusa mambo ni mengine: Mmarekani Alfred Hobbs aliifungua bila ufunguo kufuli ya watengenezaji Bramah hapo London mwaka 1851, akitumia saa 51 zilizogawanyika katika siku 16, na hakuna aliyemwita mwizi. Wenye kufuli ndio waliotoa changamoto, na guinea 200, fedha ya zamani ya Uingereza, alilipwa.

Sasa kununua. Epuka zile seti za vipande thelathini zinazokuja na kufuli la plastiki linaloonyesha ndani. Vingi humo hutavitumia kamwe, chuma chake hupinda, na kufuli lile linayafundisha macho wakati kazi yote ni ya vidole. Pini ndani ya silinda hazilingani sawasawa, kwa hiyo ukiikaza silinda kidogo, kama unayetaka kuizungusha, moja hubana kabla ya nyingine. Unaitafuta hiyo, unaisukuma mpaka usikie imekaa, unahamia inayofuata. Kwa kazi hiyo nina kulabu mbili, fupi na ya wastani, kijiti kimoja chenye mawimbi, na vyuma vitatu vya kukazia. Hivyo vya kukazia ndivyo wageni wanavyovidharau, na ndivyo vinavyoamua. Angalia pia unene: seti nyingi za Kimarekani ni milimita 0.6 hivi, na silinda nyingi za milango ya Ulaya zina tundu jembamba, hivyo nilitafuta kulabu moja ya milimita 0.4. Sparrows wa Kanada, Peterson na SouthOrd wa Marekani, na Multipick wa Ujerumani wote wanauza kipande kimoja kimoja. Kufuli la kuanzia langu lilikuwa Master Lock nambari 3, lenye pini 4. Siku lilipofunguka mkononi mwangu nilimpigia mama simu usiku.

Juzi nimenunua sokoni kitasa cha zamani cha Union, cha leva, ndugu wa kile cha mlango wa bibi kule Majengo. Kulabu zangu zote hazikifai. Kitasa cha leva hakina pini, kina vibati vinavyoinuliwa kila kimoja kwa kimo chake, na kinataka kifaa kingine kabisa. Nimekipigilia kwenye kipande cha ubao, kiko juu ya friji, na bado kimefungwa.