Nilivyoizuru Kisumu kwa mara ya kwanza

Nimezaliwa na kukulia Mwanza. Ziwa Victoria nimeliona kila siku ya maisha yangu, lakini mpaka mwaka jana sikuwa nimetia mguu nje ya Tanzania. Safari yangu ya kwanza ng'ambo ya mpaka ikawa ya kulifuata ziwa hilo hilo upande wa Kenya: siku nne Kisumu, kwa akiba niliyoidunduliza mwaka mzima.

Basi lilitoka alfajiri, likapita Musoma na Tarime hadi Sirari, mpakani. Sisi Watanzania hatuhitaji viza kuingia Kenya, pasipoti inatosha. Nami nilibeba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Upande wa Isebania, yaani Kenya, maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja: unagongewa muhuri wa kutoka, unasogea dirisha la pili unagongewa wa kuingia. Nilikaa nikiutazama ule muhuri wangu wa kwanza mpaka kondakta akaniita.

Shida ilinikuta nje. Kijana wa kubadilisha pesa alizihesabu noti haraka haraka, nikatia mfukoni. Tulipofika Migori nikahesabu tena, kumbe noti moja ilikunjwa katikati na kuhesabiwa mara mbili. Iliniuma sana. Anayekwenda abadilishe hapo za njiani tu, nyingine akabadilishe mjini, na kila noti aikunjue kwa mkono wake.

Barabara ilipanda milima ya Kisii, migomba kushoto na kulia, kisha ikateremka hadi mashamba ya mpunga ya Ahero, na joto la kwetu likarudi.

Nilifikia kwa mama wa rafiki yangu, mtaa wa Nyalenda. Nilipiga goti nikasema, "Shikamoo, mama," kama tulivyolelewa Usukumani. Mama wa watu akashtuka, akanidaka mabega akidhani nimeishiwa nguvu kwa safari. Mwanawe alipomweleza, alinishika mkono akautikisa muda mrefu. "Huku tunasalimiana hivi, mwanangu. Asubuhi useme oyawore, kwa Kijaluo."

Kiswahili kilinisaidia kila mahali, ila nilipaswa kukisikiliza upya. Hotelini niliomba chai, ikaja imepikwa na maziwa, kwani huku chai ndiyo hiyo. Kwetu ukitaja chai tu unaletewa ya rangi. Nikauliza kama kuna dagaa, dada akasema hakuna. Aliponiona nimenyong'onyea alinipeleka jikoni, akafunua sufuria: dagaa tele, wameungwa kwa nyanya na kitunguu, wananukia. "Hizi ni omena," akasema. Tukaanza kufundishana pale pale penye moshi. Sato ni ngege, sangara ni mbuta, mlenda ni apoth. Bei nazo zilinichanganya. Mia mbili kwangu ni pesa ndogo, mpaka nikajizoesha kuzidisha kwa 20 kabla ya kuitikia.

Ziwa lenyewe lilinishangaza. Kisumu iko ndani kabisa ya Ghuba ya Winam, kwa hiyo unaona vilima ng'ambo, si yale maji yasiyo na mwisho. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hili, nasi karibu nusu. Hata hivyo bandari ile inatuhusu. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Na MV Victoria, meli aliyopanda babu yangu kwenda Bukoba, ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi 1961. Nilisimama mbele ya maji yale nikimkumbuka babu, machozi yakanilengalenga.

Siku ya tatu nilikwenda Kit Mikayi, kilomita 30 hivi kwa barabara ya Bondo. Ni miamba mikubwa iliyopandana, sawa kabisa na ya Mwanza. Jina maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa kwamba mzee mmoja aliyapenda mawe yale, akashinda humo kila siku, na mkewe alipoulizwa mumewe yuko wapi, akajibu amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Mwenyeji alinionyesha jiwe la mikayi, la nyachira mke wa pili, na la reru wa tatu. Kwenye pango tulikuta mabaki ya mishumaa. Watu huja kufunga na kusali. Mimi kwetu nimepita kwenye mawe ya namna ile maisha yangu yote, na sijawahi kumuuliza bibi yeyote yanaitwaje.

Asubuhi ya kuondoka mama alinisindikiza hadi stendi, omena wakavu kwenye kikapu. Nilimpa mkono nikasema, "Oyawore, mama."

Akanijibu, "Marahaba."