Daftari la Jamvi

Saa tisa na nusu usiku. Jamvi habweki, hajawahi kunibwekea hata siku moja tangu aje, anachofanya ni kuja kusimama kando ya kitanda kimya kabisa halafu anabandika ile pua yake ndefu ya baridi kwenye kiwiko changu, na mimi hata kabla sijafumbua macho nishajua, ni tumbo. Unalisikia kabla hujawasha taa, linanguruma kama mtu anaburuta kabati chumba cha juu. Basi navaa ndala, nachukua tochi na mfuko, tunatoka.

Tumerudi, yeye keshalala, usingizi wangu mimi umepaa, ndo nimekaa hapa naandika.

Miezi kumi na nne sasa tuko kwenye hili. Kwa wasiomjua, Jamvi ni grehaundi, wale mbwa wembamba wa mbio, kifua kama pipa kiuno kama cha nyigu. Alistaafu mashindano akiwa na miaka mitatu na ushee tukamchukua. Jina lake la uwanjani lilikuwa refu na la kishujaa, sisi tukamwita Jamvi kwa sababu siku alipoingia ndani alijitandaza katikati ya sebule akabaki hivyo mpaka kesho yake, ikabidi tuwe tunamruka. Watu wakisikia mbwa anaweza kugusa kilomita 70 kwa saa wanadhani atakubomolea nyumba. Wapi! Anakimbia nusu dakika halafu analala siku nzima. Kinachonitesa si miguu yake, ni utumbo.

Mwanzoni sikuogopa. Tuliambiwa mapema kwamba mbwa wa namna hii akihamia nyumbani tumbo huchafuka, na ukifikiria ni haki yake, maisha yote amekaa bandani na wenzake, ratiba ileile, chakula kilekile, halafu ghafla unamletea ngazi, vioo, televisheni na bakuli lenye kitu asichokijua. Kwa hiyo wiki tatu za kwanza nikawa nachemsha kuku bila ngozi na wali laini na kijiko cha boga lililopondwa, tumbo linatulia siku moja mbili, linachafuka tena, nasema aah si nimemrudisha kwenye chakula kikavu haraka, naanza upya, kuku, wali, boga. Hiyo picha ya kuku iwekeni akiba, nitairudia.

Wiki ya nne akapungua kilo moja na nusu na hapo ndo nikachanganyikiwa, na nikichanganyikiwa mimi huwa nafanya vitu vingi kwa mpigo. Ndani ya wiki saba nilimpitisha kwenye vyakula vitano. Kuna wiki moja naikumbuka vizuri, Jumatatu nimeanza chakula kipya cha samaki, Jumanne nimeongeza unga wa probayotiki (wale bakteria wazuri wa tumbo), Alhamisi nikaondoa biskuti zote, Ijumaa akaanza antibayotiki, na kufika Jumapili akatoa kinyesi kizuri mpaka nikakipiga picha. Kweli nilikipiga picha. Siku tano baada ya dozi kuisha tukarudi kulekule, na mimi sijui hata ni kipi kati ya vile vinne kilichosaidia. Ni kama umezima moto kwa kumwagia maji, mchanga na maziwa kwa wakati mmoja, ukiwaka tena hujui ukimbilie ndoo ipi.

Na ushauri sasa! Ukiwa na mbwa anayeharisha kila mtu ni daktari. Mpe mtindi. Usimpe mtindi hata kidogo. Mpe nyama mbichi, si ndo aliyoizoea huko mbioni. Mfungishe siku mbili asile kabisa, mbwa mwenyewe huyu mbavu zinahesabika! Nilikuwa naitikia tu eeh, sawa, asante.

Daktari wa kwanza alichukua damu, akapiga simu jioni kwa sauti ile ya chini ya kukuandaa, chembe za kugandisha damu ziko chini, damu yenyewe nzito isivyo kawaida, huenda kuna tatizo kubwa zaidi. Sikulala. Kumbe, nilikuja kuelezwa na daktari wa pili ambaye ametibu wengi wa aina hii, damu ya grehaundi ndivyo ilivyo, chembe nyekundu nyingi kuliko mbwa wengine, za kugandisha chache, hata homoni za tezi shingoni zinasoma chini na mbwa ni mzima wa afya. Ukimpima kwa kipimo cha mbwa wa kawaida atakuwa mgonjwa kila siku. Simlaumu sana yule wa kwanza, pengine hakuwahi kukutana nao, ila ule usiku mmoja wa machozi nitaudai siku moja.

Huyu wa pili ni mama wa makamo, haongei sana. Alimpapasa Jamvi tumbo taratibu, Jamvi akamwegemea na mwili wote kama wanavyofanya hawa, akaniuliza maswali ambayo sikuwa na jibu hata moja. Anajisaidia mara ngapi kwa siku? Kinatoka kingi au kidogo kidogo? Kuna ute? Anajikamua? Damu ikiwepo ni nyekundu au nyeusi? Mi najua "anaharisha" basi. Akanieleza kwamba tatizo likiwa utumbo mpana mbwa anaenda mara nyingi, kidogo kidogo, na ute, anachuchumaa muda mrefu, lakini likiwa utumbo mwembamba kinatoka kingi na mbwa anakonda kwa sababu chakula kinapita bila kufyonzwa. Jamvi, tulipokuja kumfuatilia, alikuwa na vyote viwili, hapendi kubagua.

Akanipa karatasi yenye michoro ya kinyesi kuanzia moja mpaka saba, moja ni kigumu kama kokoto, saba ni maji, tunachokitafuta ni mbili au tatu. Akasema, "Dada, kanunue daftari. Halafu wiki mbili usinibadilishie kitu. Chochote. Hata kama roho inakuuma."

Roho iliniuma. Kukaa unaangalia tano, sita, tano, sita na usifanye kitu ni kazi ngumu kuliko kuhangaika, kuhangaika angalau unajiona uko kazini. Lakini nikaandika. Mume wangu alilikuta daftari mezani akadhani ni mahesabu ya nyumba, akafungua akasoma kwa sauti, "Jumatano jioni, tano, ute kidogo, kachuchumaa mara tatu, rangi ya haradali", akalifunga akaniangalia akasema hajui kama ameoa mshairi ama vipi.

Kilichoonekana kwanza ni minyoo. Sampuli ya kwanza na ya pili zilikuwa safi, ya tatu ikaonyesha mayai ya safura. Ndiyo, safura, jamaa wa ileile tuliyokatazwa tukiwa watoto kutembea peku kwa sababu yake, ila hii ni ya mbwa. Mbwa waliokulia kwenye mabanda ya mbio wanaipata sana maana viwanja vyao vya udongo na mchanga vinatumiwa na mbwa wengi na viluwiluwi, yaani minyoo wachanga, vinakaa mlemle vikisubiri. Tukampa dawa, wiki nne baadaye mayai tena. Nikalia kwamba nimemwambukiza upya uani. Daktari akasema inawezekana, ila kuna jingine, wale wachanga wengine hawakai kwenye utumbo, wanajificha kwenye misuli wamelala, ukiua wakubwa walioko tumboni waliolala wanapata habari kuwa nafasi imepatikana, wanaamka wanahamia. Unafyeka, wanaingia wengine. Zaidi ya hapo huko Marekani wameshakuta safura kwenye hawa mbwa wa mbio ambayo imekuwa sugu kwa dawa zaidi ya aina moja. Kwa hiyo ikawa dawa za mchanganyiko kila mwezi, kupima kila mwezi, na kuokota kinyesi hapohapo kabla hakijapoa, kwa sababu mayai yakiachwa kwenye udongo wenye joto na unyevu ni siku chache tu viluwiluwi viko tayari kumwingia mwingine, na vinaweza kupenya hata ngozi ya mtu. Mwezi wa tano tukapata majibu safi. Wa sita safi. Nilitaka kufanya sherehe.

Daftari halikufanya sherehe. Kutoka sita tulishuka mpaka nne, tano za hapa na pale, lakini mbili na tatu ilikuwa bahati. Akapimwa kongosho kama inatoa vimeng'enya vya kusaga chakula vya kutosha (inatoa), akapimwa vitamini B12 ikawa chini, akaanza sindano moja kila wiki kwa wiki sita. Zile sindano zilimrudishia hamu ya kula, nilisahau kabisa kwamba kumbe anapogongewa bakuli huwa anagonganisha meno kwa furaha, taktaktak, kama mtu anaandika kwa mashine ya chapa. Miezi mingapi sikuwa nimeisikia ile sauti na wala sikugundua kwamba imepotea.

Halafu ndo likaja jaribio la chakula. Kuna chakula cha mbwa ambacho protini yake imekatwakatwa vipande vidogo mno kiasi kwamba kinga ya mwili haiitambui, inaonekana kama unga tu unapita. Anakula hicho peke yake, hakuna kingine kinachoingia mdomoni. Siku ya sita tukaona tatu. Siku ya tisa tatu. Siku ya kumi na moja nikampa kidonge chake cha kila mwezi, kile cha kutafuna, anakipenda, siku ya kumi na tatu sita na ute. Nikalichukua boksi nikalisoma kwa mara ya kwanza kwa makini na pale pembeni kwa herufi za mchwa, ladha ya nyama ya ng'ombe. Nilikaa chini jikoni nikacheka ile ya mtu aliyechoka. Tukaanza kuhesabu upya.

Mara ya pili tulimaliza bila ajali. Baada ya wiki nne daktari akasema sasa turudishe kitu kimoja kimoja tuone nani mbaya wetu, tuanze na kipi? Nikasema kuku, maana huyo ni rafiki yetu, huyo namjua. Kipande kidogo cha kuku wa kuchemsha kwa siku mbili. Siku ya tatu, sita. Nikalirudisha daftari nyuma, zile kurasa za mwanzo ambazo niliandika kwa kumbukumbu kabla sijaanza kurekodi vizuri, nikaona kuku, kuku, kuku. Kila alipoumwa nilimpikia kuku. Alipoharisha zaidi nikaongeza. Yaani dawa yangu ndo ilikuwa inamchochea, na mimi nilikuwa najisifu navyoamka saa kumi na moja kumchemshia.

Kuna kitu cha ajabu kuhusu mnyama, hakudai kitu. Nilimwomba samahani, nikajiona mjinga, yeye alikuwa kalala chali miguu yote minne juu kama meza iliyopinduliwa, jicho moja wazi.

Sasa mkisikia hivyo mtasema haya, tatizo limepatikana. Hapana. Bila kuku, bila minyoo, na B12 iko sawa, tunakaa siku kumi na mbili, kumi na tano vizuri, halafu usiku kama wa leo unakuja bila hodi. Daktari anahisi ukuta wa utumbo wenyewe umewaka na kuvimba kwa kudumu na njia ya kujua kwa hakika ni kumlaza kwa dawa wachukue vipande vidogo vya utumbo wakaviangalie. Hajanisukuma. Grehaundi wana mafuta kidogo sana mwilini na kuna dawa za usingizi za zamani ambazo ziliwachukua muda mrefu sana kuamka, siku hizi kuna zinazowafaa na yeye anazijua, lakini mimi nikiifikiria ile siku napata baridi. Nimesema nitajibu baada ya mwezi. Mwezi wenyewe ulishapita.

Nimefika mahali tukitembea naangalia kinyesi cha mbwa wa watu kwa wivu. Mwenyewe anaongea na simu, mbwa wake anaangusha kitu kizuri hivyo, mbili safi kabisa, wala hata hageuki kukiangalia, anaokota anatupa.

Leo usiku, kwa rekodi, ilikuwa tano, ute kidogo, mara mbili, alikula nyasi kidogo kabla sijamzuia, tumbo halijavimba na hajajaribu kutapika (kile kifua chao kirefu kinafanya tumbo liweze kujisokota, na mbwa akivimba huku anajikakamua kutapika hakitoki kitu hiyo si ya kusubiri asubuhi, unakimbia). Jana mchana hakula kitu kigeni. Sijui ni nini. Zamani saa hizi ningekuwa nimeshafungua kabati natafuta cha kuongeza au cha kuondoa. Kilo 29 na nusu, alikuja na 28, akashuka hadi 26.

Nimeandika tano na saa. Chakula chake cha asubuhi nimeshakipima, kilekile, kiasi kilekile. Kule sebuleni nasikia linanguruma tena kidogo, lakini hajainuka.