Mteja wangu na madaftari yake mawili

Mimi ni mhasibu wa kujitegemea hapa Dodoma, na wateja wangu wengi ni wenye maduka. Kuna mzee mmoja wa vifaa vya ujenzi, upande wa Kizota, ambaye biashara yake ilishamiri baada ya serikali kutangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Kila kona msingi unachimbwa, nondo na saruji hazikai stoo.

Mauzo ghafi yakavuka milioni 100 kwa mwaka. Hapo mfanyabiashara binafsi anatoka kwenye kodi ya makadirio, anatakiwa kuandaa hesabu kamili na kutozwa kwa faida. Aliyekuwa akimwandikia vitabu kabla yangu akamwonyesha ujanja: daftari la buluu la kuonyesha TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, mauzo yasifike milioni 100, daftari jekundu la kwake mwenyewe. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kielektroniki, ikawa inatoa risiti kwa anayeidai tu.

Aliniita nimwandalie hesabu za kuombea mkopo benki, akanisogezea lile jekundu.

"Hizi za benki, mwanangu. Za TRA achana nazo."

"Mzee, saruji unanunua kwa namba ya mlipakodi, TIN, ya nani?"

"Yangu. Ya nani tena?"

Nikamwomba risiti za manunuzi. Alikuwa nazo kwenye boksi la misumari, nyingine maandishi yameshafifia kwa joto la bati. Tukajumlisha za Agosti peke yake, ujenzi ukiwa umechangamka kabla ya mvua. Manunuzi ya mwezi ule yalizidi mauzo aliyoyatangaza kwa robo mwaka nzima. Na risiti ya EFD, ikishatolewa kule kiwandani, taarifa zake zinafika TRA. Ofisa wa kodi hana haja ya kuja Kizota kupekua droo. Anafungua kompyuta, anaona umenunua mifuko ambayo huna mahali ulipoiuza. Halafu ungeipelekea benki hesabu nyingine, yenye sahihi yako, inayopingana na ritani, yaani taarifa ya kodi uliyowasilisha TRA mwenyewe.

Nikamweleza yanayofuata. Kodi yenyewe ipo palepale. Juu yake kuna riba, inayojilimbikiza kila mwezi. Juu yake tena adhabu, ambayo ni asilimia ya kodi iliyopunjwa, na ukionekana ulikusudia inapanda. Madaftari mawili ni kukusudia, hapo hata wakili mzuri atahangaika. TRA wanaweza kuiagiza benki iwalipe kutoka akaunti yako, au wakakamata mali. Kesi ikipelekwa kwenye jinai na ikaunganishwa na utakatishaji fedha, dhamana hakuna. Unaisubiri ukiwa gereza la Isanga.

Alipolisikia hilo la Isanga akataja kijana fulani, kishoka, aliyeahidi "kuyamaliza" kwa milioni kadhaa. Nikamwambia akimpa huyo, mimi natoka. Hiyo ni rushwa, kosa jipya, na zile risiti zitabaki kwenye mfumo vilevile.

Tukaanza kujenga hesabu upya: taarifa za benki, miamala ya simu, hati za kupokelea mzigo, daftari jekundu lenyewe. Kazi ya kuchosha, hasa mikopo ya mafundi iliyoandikwa kwa majina ya utani. Kisha tukawasilisha ritani zilizorekebishwa pamoja na barua ya kueleza kila kitu kabla hatujaitwa. Kujitokeza mwenyewe hakufuti kodi wala riba, ila mazungumzo yanakuwa ya kulipana, si ya kukamatana. Tuliomba kulipa kwa awamu, tukakubaliwa. Fuso moja iliuzwa. Mkopo wa benki uliahirishwa, na mzee alininunia wiki nzima, kana kwamba riba naitoza mimi.

Sasa EFD inatoa risiti kwa kila mteja, hata wa kilo moja ya misumari. Tunachohangaika nacho ni mchanga na kokoto: wenye malori hawatoi risiti, na gharama isiyo na risiti ya EFD kwa kawaida haikubaliki kupunguza faida inayotozwa kodi. Nimemshauri anunue kwa wenye TIN na mashine hata kama bei iko juu. Bado anapiga hesabu.