Sharps ya Wapanda Farasi: Tazama Mbao Kabla ya Mng'ao

Miongoni mwa silaha za kale ninazozifuatilia, bunduki fupi ya Sharps iliyobebwa na wapanda farasi wa jeshi la Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, ndiyo inayothaminiwa kwa vigezo vibovu zaidi. Wanunuzi hukimbilia chuma kinachong'aa, ilhali chuma kilichosuguliwa upya kimekwisha kupoteza nusu ya ushahidi wake.

Christian Sharps alipata hataza ya mtambo huu mwaka 1848. Mtu aliye juu ya farasi hawezi kusimamisha gobore na kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, kwa hiyo Sharps aliifanya kinga ya kifyatulio iwe wenzo: ikivutwa chini, kizibo cha chuma huteremka, na kifurushi cha karatasi au kitani chenye baruti na risasi huingizwa kwa nyuma. Kizibo kinapopanda, ukingo wake mkali hukata mkia wa kifurushi na kuiacha baruti wazi kwa moto wa fataki, yaani kofia ndogo ya chuma inayolipuka ikigongwa na nyundo ya bunduki. Udhaifu wake ulikuwa moto uliovuja pale kizibo kinapokutana na mtutu, jambo ambalo maboresho ya baadaye yalilipunguza.

Serikali ya Marekani ilinunua zaidi ya 80,000 wakati wa vita, lakini wingi huo unadanganya, kwa kuwa baada ya vita takriban 30,000 zilibadilishwa ili zitumie risasi zenye ganda la chuma. Ndiyo maana iliyobaki na mtambo wake wa fataki huuzwa ghali. Hata hivyo, siwaelewi wanaoidharau iliyobadilishwa, kwani mabadiliko hayo yalifanywa kwa amri ya jeshi lenyewe, tena yanaonyesha jinsi kizibo kilivyobuniwa vizuri hata kikaweza kupokea risasi za aina mpya.

Mimi huanza na upande wa kushoto. Hapo pana ufito wenye pete, ambayo askari aliiunganisha na mkanda wa ngozi uliopita begani, na pete iliyotumika kweli huacha mkwaruzo katika mbao na chuma. Karibu nayo, kwenye shingo ya kitako, hutafutwa mihuri ya wakaguzi wa serikali. Msasa ukipita mara moja, mihuri hiyo haipo tena. Namba ya bunduki nayo isomwe kwa makini, maana herufi C ilisimama badala ya 100,000, hivyo C 5,000 ni bunduki ya 105,000.

Ukiletewa yenye kinu kitakoni, kile kinachodaiwa kuwa cha kusagia kahawa, funga mkoba kwanza. Halisi ni adimu mno, na za kughushi zimejaa sokoni.